Betri Ilale kwa Bi Mkubwa

Petroli imeadimika, na magari yamelala. Nilikuwa gereji ya Bunda, basi letu la Musoma likitengenezwa, alipoingia mkulima wa pamba na mke wake mkubwa. Akauliza afanyeje ili gari lake, linalolala uani kwa mke mdogo, lisiharibike.

"Lipandishe juu ya mawe, mzee, matairi yasiguse chini," fundi akamwambia. "Betri ing'oe uiweke ndani, pakavu. Kila Jumamosi irudishe, uliwashe lingurume kidogo."

"Kila Jumamosi!" Bi mkubwa akasonya. "Gari lina zamu! Mimi kwangu anafikaga wakati wa kuvuna tu."

Akakaza kanga kiunoni.

"Basi betri italala kwangu. Nyumba yangu haivuji."

Wanaosema wivu hauna faida hawajaliona gari hilo linavyotunzwa. Juzi nilipita tena gereji, fundi akaniambia mzee hakosi Jumamosi hata moja kuifuata betri kwa bi mkubwa. Ila bi mdogo naye alikuja, peke yake, kuuliza kama gari lina kitu kingine cha kung'oa.