Maji ya Zabibu

Kaka yangu alikuwa na ugonjwa wa kusifia baridi. Alipanda mizabibu ya Pinotage, aina ya mvinyo mwekundu, kwenye shamba la marehemu baba, juu kule Nyandarua, na kila akipiga simu ni yale yale: nyinyi Mombasa mnachemka tu, zabibu nzuri inataka ukungu, inataka kuiva polepole, ndipo mvinyo unakuwa mwepesi. Nilimsikiliza jasho likinitiririka mgongoni. Haya, tamba.

Kumbe baridi hiyo hiyo ilimtupa mkono. Alivuna, akaponda, akajaza mapipa, na juisi ikakataa kuchacha. Hamira ilizizima, ikalala. Basi hata kuniuliza hakuniuliza. Alipakia mapipa mawili kwenye lori la viazi, akaja kuyashusha chumbani kwangu Changamwe, tena Ramadhani, ili joto letu alilolidharau limwamshie mvinyo wake. Nilikasirika kwelikweli.

Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi mjane wa Kiislamu, watu wake ni wa mji huu tangu enzi. Mimi ni Mkristo wa bara, lakini alinichukua kama mwanawe, nami nikimwita bi mkubwa. Viazi vya nazi vya futari yake nilimpikia mimi, naye alivila bila kuniuliza sufuria nimeiosha vipi. Hicho ndicho nilichoogopa kukipoteza. Chumba nitapata kwingine. Nikamwambia kaka ayaondoe mapipa yake. Akasema nina woga wa kitoto, akabaki kwangu kuyalinda.

Wiki haijaisha, mapipa yakaanza kutokota. Bi mkubwa akasikia, akauliza ni nini hicho kinachoumuka. Mimi niko kazini. Kaka akamjibu eti ni maji ya zabibu kutoka shambani. Sasa pwani hii, mtu akikwambia maji ya zabibu mwezi wa Ramadhani, unaelewa sharubati. Pombe hajawahi kuisogelea maishani mwake, harufu yake angeijulia wapi? Akaomba jagi moja la wageni wake. Na yule mtu asiye na haya akamchotea.

Niliporudi nilimkuta bi mkubwa anavuka ua na jagi mkononi, limejaa ule mvinyo mwekundu. Wageni walikuwa wameshakaa mkekani wanangoja adhana. Nikinyamaza, atafuturu kwa mvinyo. Nikisema, atajua kilicholala chumbani kwangu wiki nzima.

"Bi mkubwa, usinywe. Ni pombe."

Aliliweka jagi chini taratibu, akaenda bombani akanawa mikono, kisha akanawa tena. Kaka akacheka, akaniuliza amedanganya wapi, kwani si zabibu? Nilimwambia atoke na uchafu wake kabla sijaupindua. Chumba kilikuwa kimeshaanza kunuka ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Joto alilolifuata lilikuwa limemharibia mvinyo wake wote, na wallahi, mimi Mkristo, nilifurahi. Aliondoka bila kuaga na sijamtafuta hadi leo.

Nilimfuata bi mkubwa kumwomba radhi. Nilimwambia akitaka nihame, nitahama. Hakunigombeza, wala sauti hakuipandisha.

"Chumba ni chako, mwanangu, kaa," alisema. "Ila chakula chako usiniletee tena."