Shangazi Alivyoniulizia Laptopu

Kompyuta yangu ya kwanza iliuliwa na chumvi. Nakaa Bububu, nyumba ya tatu kutoka pwani, na upepo unaoingia dirishani hula kila chenye chuma: bawaba, misumari, hata zipu za mikoba. Siku moja nilibonyeza kitufe cha kuwashia, ikatoa sauti kama ya mtu anayesafisha koo, kisha kimya. Ndani yake mlikuwa na sura mbili za tasnifu yangu ya shahada ya pili. Na mimi, mwalimu wa hisabati niliyezoea kuwagombeza wanafunzi kwa uzembe, sikuwa na nakala nyingine popote.

Nililia, tena kwa sauti. Baadaye nikakasirika, maana hasira hunifaa zaidi kuliko machozi. Nilikuwa na miaka arobaini na minane. Chuo kilikuwa kimeshaniongezea muda mara mbili, na barua ya tatu ilisema waziwazi kuwa hiyo ndiyo ya mwisho: miezi sita, nisipowasilisha nafutwa. Nilikuwa nikiandika juu ya hesabu wanazozifanya kichwani wasusi wa mikeka wa Mangapwani, wanawake wanaopanga rangi za ukili bila ya kalamu wala karatasi na wasikosee hata mstari mmoja. Madaftari ya mahojiano yalikuwa salama kabatini. Nilichokosa ni kompyuta itakayodumu nami miezi sita bila ya kunitupa njiani.

Kila niliyemuuliza alikuwa na kampuni yake. Walimu wenzangu walibishana kama mashabiki wa mpira, na aliyepiga kelele zaidi ndiye aliyekuwa ameinunua yake wiki iliyopita. Mwenyewe moyo wangu ulishahamia duka moja la Mkunazini, kwenye laptopu nyembamba, rangi ya fedha, iking'aa kama sinia ya harusi. Nilikwenda kuitazama mara tatu. Mara ya nne nikamchukua shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anisindikize tu.

Kwetu posa ikija haijibiwi siku ileile. Wazee huomba muda, na katika muda huo hutumwa mtu kwenda kumuulizia mchumba: ana tabia gani, hasira zake zikoje, nyumbani kwake hula nini. Katika ukoo wetu anayetumwa ni shangazi. Hajui kuwasha kompyuta, lakini keshawarudisha wachumba sita, na hakuna hata mmoja kati yao tuliyekuja kumjutia.

Kijana wa dukani alimwamkia vizuri, kisha akaanza kuisifu laptopu ile: kasi yake, wepesi wake, kioo chake. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Akiugua, anatibiwa wapi?"

Kijana akacheka. Shangazi hakucheka.

"Vipuri vyake tunaagiza Dubai, bibi."

"Basi mume wa kutibiwa Dubai hatumtaki," akaniambia, naye alikuwa keshafika mlangoni.

Nilimnunia njia nzima. Nikamwambia kompyuta si mume.

"Utakaa naye chumba kimoja kutwa kucha," akasema, "na kazi yako yote umemkabidhi yeye. Sasa nambie, kipi kilichobaki?" Nikazidi kununa.

Njiani akanipa somo. Muuzaji, alisema, ni sawa na mama wa mchumba, na mama mtu haulizwi kwa sababu atasifu tu. Huulizwa jirani wa ukuta mmoja, halafu huulizwa mtalaka wake, aliyeishi naye wakaachana.

Jirani wetu tulimpata Jang'ombe: fundi mmoja ambaye kibanda chake kilijaa kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Shangazi hakumuuliza ipi nzuri. Alimuuliza ipi ikiletwa mgonjwa huondoka mzima siku ileile. Fundi akafikiri kidogo, akainua moja nyeusi, nene, ya kampuni ambayo sikuwahi hata kuitupia jicho. Akatuonyesha jinsi inavyofunguka kwa bisibisi moja, akasema vipuri vyake vimejaa mjini.

"Bado mtalaka," shangazi akasema. Nilidhani ananitania.

Kesho yake alinifikisha Shangani, kwa mama mmoja mhasibu aliyewahi kutumia kompyuta ya kampuni ile kisha akaachana nayo. Shangazi akamwambia asituonee haya, atupe mabaya yake yote. Akayamwaga. Nzito kama tofali. Sura mbaya. Kioo hakionekani juani. Feni yake inakoroma. Wageni wakija, aliona aibu kuiweka mezani.

"Na iliwahi kukuacha na kazi mkononi?"

Yule mama akahesabu miaka kwa vidole.

"Hapana," akasema. "Miaka saba. Na bado nzima, anayo mwanangu."

Tulipotoka, shangazi alisimama pale pale kichochoroni. "Umemsikia? Mtalaka kamaliza mabaya yote aliyonayo, na yote ni ya sura. Nenda kamchukue."

Nikaenda nikaichukua. Jina la kampuni sitaliandika. Shangazi kanionya kuwa yanayopatikana katika kuulizia hayatangazwi barazani.

Mwezi wa kwanza niliiona mbaya kweli. Wa pili sikuitazama tena sura, nilikuwa naandika. Masika yalipoingia, umeme ukawa wa kubahatisha, nayo ikaendelea na betri yake hadi nichoke mimi. Mwezi wa nne kitufe cha herufi ya a kikang'oka, na ukitaka kujua tabu, jaribu kuandika Kiswahili bila ya a. Nilikwenda Jang'ombe. Kabla sijamaliza kikombe cha juisi ya ukwaju, fundi akanirudishia, na jioni ile nikamaliza sura ya tano.

Zilibaki siku mbili muda uishe nilipotuma tasnifu yangu. Ilikuwa baada ya adhuhuri na shangazi alikuwa amekaa kitandani kwangu, kanikazia macho kama vile nimo katika uzazi. Jibu la chuo lilipoingia nikamsomea kwa sauti: imepokelewa.

Akasimama, akapiga vigelegele vilivyotikisa mtaa. Majirani wakaja mbio, mmoja na mwiko mkononi, wakiuliza nani kaposwa.

"Hapana aliyeposwa," shangazi akawaambia. "Mwanangu kamaliza kitabu chake."

Nimepigiwa vigelegele nilipoolewa, na nilipozaa kila mtoto. Hivi vilikuwa vya kwanza kupigwa kwa kitu kilichotoka kichwani mwangu. Nikawaomba wapige tena.