Alimpa Papa Ng'ombe, Mimi Akaninyima Kibali

Admin, ficha jina langu kabisa, maana ndugu zangu wengi wako humu na wana midomo. Nina miaka ishirini na tisa, sijaolewa, ni mzaliwa wa Nyamitaba, Masisi, huko Congo. Kwa sasa niko upande wa Uganda, natengeneza jibini, ile sisi tunaita fromage, kwenye kiwanda kidogo cha mtu wa kwetu aliyehamia huku zamani. Nitamwita Patroni. Ninaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkiona maneno yamepinda nivumilieni.

Najua wapo watakaokimbilia kuandika, "Si ungedai mkataba?" Ngojeni kwanza. Papa, yaani baba yangu, alikuwa mfugaji, vita vikamaliza ng'ombe wote, akabaki mtu wa kuomba maziwa kwa jirani. Patroni aliposikia kwamba mkono wangu unajua fromage, alikuja kunichukua, na alimletea Papa mtamba mweusi. Wasiotoka kwetu labda hawataelewa. Mtu akikupa ng'ombe mmekuwa ndugu. Unamsifu mbele za watu, unamtetea akisemwa, na siku moja unamrudishia ndama jike. Kumwambia mtu wa namna hiyo "weka sahihi hapa" ni sawa na kumtemea mate. Papa alilia siku ile, na mimi sikuwa na mdomo wa kudai karatasi.

Tukavuka. Mpakani niligongewa muhuri wa mgeni, na Patroni akachukua pasipoti yangu, akasema yeye ndiye atashughulikia kibali cha kazi na mambo yote ya uhamiaji. Kila mwisho wa mwezi alikata mshahara wangu. "Hii iko ya leta," alikuwa akisema, yaani ya serikali. "Na hii ingine iko ya visa yako. Huku si kama kwetu, huku muntu analipa takse." Nami nilijivuna, jamani! Nilikuwa nawapigia simu wenzangu wa nyumbani nikiwaringia kwamba mimi ni mlipa kodi. Miaka minne nimepasha maziwa ya watu, nimegeuza fromage kwenye mbao na kuziosha kwa maji ya chumvi mpaka vidole vikachubuka, na nilikatwa bila kunung'unika.

Mwezi uliopita nilimwomba pasipoti niende kumwona mama. Alizungukazunguka, mwishowe akanipa. Mpakani afisa akaifungua, akanitazama, akaifungua tena. "Dada, muhuri wako ulikwisha zamani sana. Umekuwa wapi?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba nafanya kazi, nina kibali na nalipa kodi. Akatafuta kwenye kompyuta, akawapigia simu wenzake wa kodi. Kibali hakuna. Namba ya kodi hakuna. Kiwanda chenyewe hakijawahi kuandikisha mfanyakazi hata mmoja. Kumbe leta ilikuwa mfuko wa suruali ya Patroni! Pale dirishani watu wa foleni walinitazama kama mwizi.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alibaki na pasipoti, akaniambia nina hadi mwisho wa mwezi huu kuchagua. Nikimshitaki Patroni kwa maandishi, watanipa muda wa kutengeneza kibali halali nikafanye kazi kwingine. Nikikataa, nitarudishwa Congo na kuzuiwa kuingia tena. Nirudi kufanya nini? Kijijini hakuna tena anayetengeneza fromage, na dawa za mama zinatoka kwenye mikono yangu hii.

Nilimkuta Patroni akipanga fromage za kuuza. Nikamuuliza kibali changu kiko wapi. Hata haya hakuona. "Weye mutoto, mi nilimupa baba yako ngombe, leo unaniuliza makaratasi? Asante ya punda njo hii mateke!" Nikamwambia ng'ombe alipewa Papa, lakini aliyekatwa ni mimi. Akacheka, akaendelea na kazi yake.

Nikampigia Papa nikidhani atawaka. Aliwaka kweli, ila juu yangu. "Ule muntu njo alitusimamisha. Ngombe yake imeisha kuzala, tunakunywa maziwa sababu yake. Ukimushitaki kwa leta ya wenyewe, usiniite Papa tena."

"Papa, watanifukuza huku."

"Basi urudi. Lakini urudi na heshima."

Heshima gani? Ya kuibiwa halafu nishukuru? Papa nampenda, najua alivyoteseka bila ng'ombe, lakini siku ile nilimchukia na sioni sababu ya kuficha.

Hata hivyo nilikuwa nimeanza kulegea. Nikawaza, afadhali nirudi kimya, Mungu atamlipa. Ndipo jana mdogo wangu wa kike, ana miaka kumi na tisa, akanipigia akicheka kwa furaha. "Dada, Patroni alituma muntu kwa Papa! Anataka nikuje kwa nafasi yako. Ataleta ngombe ingine, na makaratasi yote ataniwekea yeye."

Nikamwambia asije, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo. Akanijibu, "Weye ulienda, ukavaa muzuri, ukanunua telefone. Mi nibakie mu matope? Iko wivu tu, dada." Akakata simu. Nimepiga tena na tena, hapokei.

Basi nyinyi ambao vichwa vyenu vimetulia, maana changu kinachemka, nipeni neno. Nikisema, nampoteza Papa na mdogo wangu ataniita adui. Nikinyamaza, namwacha aingie kwenye mtego ule ule nilionaswa mimi. Niende kwa afisa au nimeze? Ila msikawie kunijibu. Asubuhi hii mama amenipigia kwa siri: Papa ameshapokea ng'ombe wa pili.