Jina la Marehemu Kwenye Kompyuta

Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha fundi kompyuta pale Msamvu. Mama mmoja kutoka Matombo akafungua khanga na kutoa kompyuta kuukuu ya marehemu kaka yake, mwalimu.

Fundi akaigonga kwa kidole. "Mama, hii haijafa. Diski ndiyo imechoka. Nikiweka diski mpya ya kisasa, SSD, hata hii ya bei nafuu, itawaka upesi, na kazi zake zote nitazihamisha."

Mama akakubali. Fundi alipomaliza akauliza, "Jina la marehemu linalotokea ikiwashwa, nilifute, niandike lako?"

Mama akaweka kiganja juu ya kioo. "Usiliguse, mwanangu. Kwetu jina la marehemu halifutwi, hurithiwa. Na ukoo bado haujakaa kumchagua wa kulirithi."

Fundi akavua kofia. Nami nikakumbuka namba za marehemu nilizofuta kwenye simu kabla hata matanga hayajaanuliwa, eti nafasi imejaa.

Fundi akaiwasha. Zamani, alisema mama, ilijivuta mpaka chai ikapoa. Safari hii jina la kaka yake lilitokea papo hapo, na mama hakuwa amejiandaa.

"Shikamoo, kaka," akasema, kisha akaifunika kwa khanga.