Nilimfungia mama regulator ndogo ya radio, nusura "nimuue" mjomba wangu wa Kisongo

Wakuu, heshima kwenu. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nimezunguka sana nchi hii: Tunduma, Mwanza, Mererani. Kote nimeishi kwa kutengeneza radio na taa za sola. Mwaka huu nikarudi kwa mama, juu ya mtaa wa Sakina.

Nikakuta radio ya marehemu baba bado ipo, ile ya mawe manne, yaani betri kavu. Sauti yake tu ilinirudisha darasa la tano.

Mama alikuwa amechoka kununua mawe. Nikamwambia, tulia mama, betri ya sola ipo.

Betri ni volti 12, radio inataka 6. Nikafunga 78L06, kale ka-regulator kadogo ka kushusha volti, kenye miguu mitatu kama transistor. Nikapima kwa sauti ya chini, safi kabisa. Nikajiona fundi.

Kosa langu lilikuwa hapo.

Mama hasikilizi radio peke yake. Mchana, muda wa matangazo ya vifo, anafungulia mpaka mwisho ili Mama Naomi, jirani ng'ambo ya mfereji, naye asikie. Wanafanya hivyo tangu nikiwa mtoto.

Siku hiyo tangazo likaanza: "...kifo cha mzee wetu, mfugaji wa Kisongo, ndugu..."

Kimya.

Mama Naomi akapiga kelele: "Nani? Wamesema nani?"

Mama akanitazama. Kaka yake pekee aliyebaki ni mfugaji. Anaishi Kisongo.

Nikagusa regulator, inaunguza. Baada ya dakika chache ikapoa, radio ikarudi, lakini tangazo lilishapita. Tukampigia mjomba. Inaita tu, hapokei.

Nikachukua bodaboda. Njia nzima nilikuwa nawaza nitamwambiaje mama.

Nikamkuta mjomba anafunga ndama.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba. Mbona mbio hivyo?"

Aliyefariki alikuwa jirani yake. Yeye alishinda msibani, simu kaiacha ndani. Nikampigia mama, nikampa mjomba simu aongee.

"Dada, kumbe nimekufa? Na ng'ombe umeshawagawa?"

Mama alicheka huku analia, nilimsikia.

Sasa somo. Vile vidogo vya 78L ni vizuri sana kwa saketi inayokula umeme kidogo, mimi bado navitumia. Mwisho wake ni miliampia 100, na ukiviingizia volti 12 utoe 6, vinachemka hata kabla ya kufika hapo. Kikizidiwa joto kinajizima, kikipoa kinaamka. Radio ikipiga kelele inakula zaidi ya hapo.

Nimeweka 7806 kubwa, na heatsink ya kuipoza, kipande cha bati la alumini. Angalizo: miguu yake imepangwa kinyume na ya ile ndogo. Soma datasheet kwanza, ile karatasi ya maelezo yake, usifunge kwa mazoea.

Na kabla hujasema kazi imeisha, mpe mwenye kifaa akitumie anavyokitumia yeye. Mimi nilipima kwa sikio langu, nikamsahau Mama Naomi.

Jana matangazo yalisomwa mpaka jina la mwisho. Ng'ambo ya mfereji nikasikia, "Asante, nimesikia!"

Mafundi, nanyi semeni: kazi gani ilikubali mezani kwako ikakuaibisha kwa mwenyewe?