Samli Ndani ya Injini

Baba yangu alikataa kuhamia kijiji cha ujamaa kwa sababu ya gari. Wengine walikataa kwa sababu ya mibuni yao, wengine makaburi. Jirani yetu mmoja alikataa kwa kuwa hakutaka kukaa karibu na shemeji yake, na huyo namwelewa kabisa. Kwa baba sababu ni gari. Tena halikuwa lake, na lilikuwa halijasogea miaka ishirini.

Ngoja nieleze vizuri. Baba alipokuwa kijana alimfanyia kazi Mzungu mmoja aliyekuwa akichimba dhahabu kule Biharamulo. Yule bwana alikuwa na gari dogo jekundu, la viti viwili, halina paa, pua ndefu kama mbwa wa kuwindia. Gari la mashindano, la kukimbia tu, maana mzigo haliwezi. Kabla ya uhuru akaondoka. Alilileta nyumbani kwetu Mugoma, akampa baba ufunguo, akasema atarudi. Baba akasema, "Nitakutunzia." Basi, ni hayo tu. Hakuna karatasi.

Baba akalijengea kibanda cha udongo na nyasi, yaani alijenga kulizunguka, hakuacha mlango. Aliacha tundu la kupita mtu mmoja akitambaa. Kila masika ilipokaribia aliingia na chungu cha samli akalipaka gari lote, kama sisi tunavyopaka ngozi za ng'ombe zisikauke zikapasuka. Kwa ngozi ni dawa nzuri. Lakini samli hupendwa na panya. Panya wakala viti, wakala waya, walipomaliza wakahamia kwenye mahindi ya mama. Mama hakuwahi kulisamehe lile gari.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nilikuwa nikisema ni kwa sababu ya kuchunga, lakini nimezeeka sasa, niseme kweli: nilikimbia hesabu. Nikaenda Biharamulo, nikawa taniboi, yaani utingo, wa lori, halafu msaidizi wa fundi mmoja Mwislamu, mtu mzima, aliyenawa mikono mara tano kwa siku na bado kucha zake zilikuwa nyeusi kwa grisi.

Sasa ndiyo akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Akamwambia baba lori la kuhamisha watu litakuja Jumamosi ya wiki inayofuata, na nyumba zitakazobaki zitabomolewa.

"Na gari?" baba akauliza.

"Mzee, lile si gari, ni banda la panya. Wahunzi watalikata wafanye majembe."

"Basi na mimi wanikate humo humo."

Balozi hakuwa mtu mbaya. Alinitumia salamu Biharamulo: njoo umtoe baba yako kabla hawajaja watu wenye amri, kwa sababu wale hawatamwita mzee.

Na hapa nikiri jambo. Sikwenda kulitengeneza. Nilimwambia fundi kuna gari la Mzungu limelala bure, twende tulifungue tuchukue chochote kinachofaa, mzee akiona limekwisha atapanda lori. Ndivyo nilivyopanga, na niliona nina akili sana. Baba nilimwambia tumekuja kulitengeneza.

Tulifika Jumapili. Fundi akasema "Shikamoo mzee," baba akajibu "Marahaba" huku akitazama mizigo yetu. Tukavunja ukuta. Jamani, ile harufu! Samli ya miaka ishirini. Fundi akatoka nje kwanza, akatema mate, akarudi. Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu, unaona ardhi. Tairi zimekauka kama maganda. Lakini fundi alipokwangua samli kwa kisu pale mbele, chini yake rangi nyekundu ikatokea, inang'aa, anaona uso wake. Akakwangua tena. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe, mimi siwezi kulikata hili."

"Fundi, tulikubaliana."

"Tulikubaliana kuhusu bati bovu. Lete spana."

Akatia mpini wa kuwashia pale mbele, akasukuma kwa nguvu zake zote. Injini haikuzunguka hata kidogo. Akanituma mimi, nikaning'inia kama nguo kwenye kamba. Wapi! Fundi akasema pistoni zimeshika kutu, imekufa. Akafungua plagi achungulie, akaingiza kijiti, kikatoka na kitu cheupe, kigumu kama mshumaa. Akanusa. Akamgeukia baba.

"Mzee, humu ndani uliweka nini?"

Baba akashangaa swali. "Samli. Nje nilipaka, ndani ningeacha pakauke?"

Aliimimina kila masika, kwenye kila tundu aliloliona. Fundi akakaa chini akacheka mpaka machozi. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Kumbe haina kutu. Imeganda tu. Inataka joto, lakini joto la polepole, la siku nyingi. Nikiwasha moto chini yake itapasuka."

Kila mtu akafikiri. Aliyejibu ni mama, ambaye alikuwa akimenya maharage na hata hakuinua kichwa. "Si muizike na ndizi?"

Kwa asiyejua: sisi ndizi za pombe tunaziivisha shimoni. Unachimba, unatandika majani ya mgomba, unapanga mikungu, unafunika kwa majani na udongo, na pembeni unaacha mdomo wa kuwashia moto wa samadi na majani makavu ili joto na moshi viingie taratibu. Siku nne ndizi zimeiva. Baba alikuwa tayari amekata ndizi za pombe, maana hata anayekataa kuhama hawezi kuziacha zioze.

Tukaitoa injini, wanaume wanne na mti begani. Ilikuwa ndogo, lakini nakumbuka bega hadi leo. Tukailaza shimoni matundu yakiangalia chini, mikungu ikaizunguka, tukafunika. Baba akakaa pale mdomoni na samadi yake siku nne, analisha moto kidogo kidogo. Kuivisha ndizi hakuna aliyemshinda.

Siku hizo sisi hatukukaa bure. Tairi tulizishindilia maganda ya mgomba yaliyokauka, tukazishona kwa kamba za katani. Mama akasuka sakafu ya matete, akisema anasukia miguu ya watu, si gari. Fundi akatengeneza waya chache zinazotosha kuwasha tu. Taa na honi akasema tutapiga kelele kwa midomo. Betri na petroli kidogo alivitoa kwa dereva mmoja rafiki yake aliyekuwa akipita kwenda Rusumo.

Alhamisi tukafukua. Samli ilikuwa imeyeyuka yote ikashukia kwenye ndizi. Fundi akaiosha ndani kwa mafuta ya taa, tukairudisha garini, akashika mpini. Injini ikazunguka, laini, kama jiwe la kusagia. Baba alikwenda nyuma ya nyumba akarudi baadaye.

Jumamosi lori likaja. Vyombo vikapakiwa, mbuzi wakapakiwa, mama akapanda mbele kwa dereva. Balozi akasema, "Mzee, haya, panda."

"Nakuja na langu."

Watu kwenye lori wakacheka. Mmoja akasema, "Tukusubiri au tukutumie mjukuu wako aje akupokee?"

Fundi akazungusha. Kimya. Akazungusha tena, gari likakohoa. Nikapokea mimi. Mara ya tatu, au ya nne, likapiga mlio mmoja, moshi mweupe ukatoka nyuma, likashika. Na ule moshi, ndugu zangu, ulinukia samli ya motoni. Mbwa wote wa kitongoji wakaja. Mama akatoa kichwa lorini: "Nani anakaanga?"

Tukaenda. Breki hazikuwepo, kwa hiyo tulifunga gogo kwa kamba nyuma liburuzike mteremkoni. Fundi usukanini, baba pembeni na ufunguo mkononi ingawa haukuwa na kazi. Viti ni viwili. Mimi nilikimbia nyuma na kigingi cha kutegea tairi, njia nzima, nikivuta ule moshi, na niliona ninastahili.

Pombe ya ndizi zile tuliinywa kijijini, wakati nyumba bado ni miti mitupu. Balozi akaonja, akalamba midomo. "Mzee, hii pombe inateleza." Lakini alimaliza kibuyu.

Hapo ndipo baba aliponiambia, taratibu, bila hasira: "Mlikuja na magunia matupu mawili. Mtu anayekuja kutengeneza haji na magunia matupu." Akaniongezea pombe.

Yule Mzungu mwenye gari hakurudi, sijui kama aliishi. Lakini vita vya Kagera vilipokuja na magari yote yakachukuliwa kwenda mbele, mwanajeshi alikuja akalitazama letu, akauliza linabeba wangapi, akajibiwa wawili, akaondoka akitikisa kichwa. Ikawa ndilo gari pekee lililobaki kijijini. Nililiendesha mimi kumpeleka mama mmoja mjamzito hospitali ya Rulenge, mume wake akakimbia nyuma na kigingi, na wakarudi watatu.

Hilo liliwezekana kwa sababu moja. Siku ile tulipohamia, kabla ya kujenga hata nyumba ya kulala, baba alianza kulijengea gari kibanda. Balozi akapita akaona miti miwili imesimama mbali sana mmoja na mwenzake, akauliza hapo ukuta umekosewa au vipi.

"Hapo ni mlango," baba akasema.

"Wa nini mpana hivyo?"

"Wa kutokea." Akaendelea kuchimba.