"Soon" ya Zedekiah

Mumewe alikwenda Uingereza kusoma mwaka wa 1962, akamwacha Mwalimu Peres katika nyumba ya mtaa wa Jamhuri iliyokuwa kimya hata saa ikisikika ukutani. Kila barua ya Zedekiah ilimalizika kwa maneno yale yale ya Kiingereza: *I shall come soon*. Peres akiulizwa kanisani, alijibu ameinua kichwa, "Amesema yuaja karibuni." Siri ya mtungi aijuaye kata: barua ya mwisho ilikuja 1968, na huu ulikuwa mwaka wa 1972.

Jumamosi moja akaja shemeji yake, Odhiambo, seremala. Chai hakuigusa.

"Shemeji, nina watoto wanne na bado nalala katika kibanda cha vijana. Hata jogoo wangu amepata nyumba kabla yangu!"

Kwao, mdogo hafungui boma lake kabla ya kaka mkubwa kufungua la kwake.

"Wazee wamesema nyumba ya mkubwa, yaani wewe, ikikiri kwamba harudi, nitajenga. Sasa wewe mwalimu wa Kiingereza, niambie. Hiyo *soon* yake ni siku ngapi?"

"Rudi Jumamosi ijayo," akasema Peres.

Jumatatu, baada ya masomo, alishuka mjini hadi maktaba, akafungua kamusi kubwa kuliko zote. Zamani, kamusi ilisema, neno lile lilikuwa na maana ya papo hapo, sasa hivi. Karne zikapita, watu wakaahidi nalo wakachelewa, likalegea hadi likawa "baada ya muda kidogo." Peres alikaa pale mpaka mhudumu akaanza kufunga madirisha. Zedekiah alikuwa ameliandika neno lile mara tisa tu. Yeye alikuwa amelisema kila Jumapili kwa miaka kumi.

Odhiambo aliporudi, alikuta barua tisa zimepangwa mezani, kando ya vikombe viwili vya chai.

"Ya mwisho ni hii?"

"Hiyo."

"Miaka minne! Na ulikuwa ukituambia yuaja?"

"Nilikuwa nalinda jina la mume wangu, shemeji. Na la baba yenu."

"Na langu je? Wanangu wanaulizwa baba yao ni kijana wa nani."

Peres alichukua kalamu, akawaandikia wazee mstari mmoja: Zedekiah asingojewe, Odhiambo ajenge. Akatia sahihi kwa jina lake kamili.

Odhiambo aliikunja karatasi, kisha akanywa chai yote, baridi hivyo hivyo.

"Utakuja kuiona nyumba?"

"Nitakuja kari..." Peres akalikata neno. "Tarehe tano Agosti. Shule zitakuwa zimefungwa. Basi la asubuhi."

Odhiambo alipoondoka, Peres aliosha vikombe viwili. Kimoja akakirudisha kabatini. Cha pili, cha Zedekiah, akakiacha juu ya meza, mahali pake pa siku zote.